Konsoli ya zamani mkononi: bodi halisi, Raspberry Pi au FPGA?

Anayetaka kujitengenezea konsoli ya zamani ya kushika mkononi hukwama mapema, kabla hata hajawasha chuma cha kulehemu. Gemu anazozitaka anazijua kwa majina. Asichokijua ni nini kikae ndani ya ganda: bodi ya konsoli yenyewe iliyokatwa ikapungua, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye emuleta (programu inayoigiza konsoli), au chipu ya FPGA iliyopangwa ifanye kazi kama konsoli ile. Nimewaona watu wakipita njia zote tatu, na karibu kila aliyejuta alikuwa amechagua njia iliyomfaa mtu mwingine.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kubeba kitu gani cha konsoli ile: mashine yenyewe, tabia yake, au gemu zake. Bodi halisi hukupa mashine. FPGA hukupa tabia. Emuleta hukupa gemu. Ukishajua kwa dhati ni kipi kati ya hivyo kinachokugusa, nusu ya uamuzi umekwisha.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya NEC waliitoa konsoli yao ya PC Engine kwa umbo la mkononi mwaka 1990, na mwaka 1995 Sega wakauza Nomad, Mega Drive kamili yenye kioo chake, iliyopokea kaseti zile zile za sebuleni. Ilikula betri sita za AA na kuzimaliza ndani ya saa chache. Mashine iliyobuniwa kuchomekwa ukutani haina sababu ya kubana umeme, na siku unapoitoa ukutani deni hilo lote linakuja juu yako. Utaliona hapa chini.

Nitazipima njia hizi kwa mambo sita: uaminifu wa mchezo, kazi ya mikono, umeme na joto, kioo, kuwasha na kuzima, na hasara ukikosea. Sura ya ganda nimeiacha, kwa sababu ganda zuri linaweza kufunika chochote.

Uaminifu wa mchezo

Kwenye bodi halisi hakuna kinachoigwa. Ndani ya NES, konsoli ya kwanza maarufu ya Nintendo, mna kichakato cha Ricoh 2A03 kinachokwenda kwa megahezi 1.79 hivi, na pembeni yake chipu ya picha, kila moja ikifanya kazi yake wakati huo huo. Waliotunga gemu za wakati ule walizijua chipu hizo kwa undani kiasi cha kutegemea mpigo mmoja wa saa yake. Kaseti za Super Nintendo zenye chipu za ziada, kama Super FX, zinacheza bila maswali kwa kuwa chipu imo ndani ya kaseti. Na kasoro za asili zinabaki: gemu iliyokuwa ikizubaa maadui wakijaa kwenye kioo itazubaa vilevile. Kuna wanaoitafuta hasa hiyo.

FPGA ni chipu iliyojaa vipengele vya mantiki ambavyo havina kazi maalumu mpaka uipakie ramani ya kuviunganisha. Ukiipakia ramani ya Mega Drive, ndani yake panajengeka sehemu zinazokwenda sambamba kama zilivyokwenda chipu za asili, bila kusubiriana. Mradi unaojulikana zaidi ni MiSTer, unaotumia bodi ya DE10-Nano yenye chipu ya Cyclone V na vipengele 110,000 hivi. Umefika mpaka PlayStation na Nintendo 64. Kwa NES peke yake inatosha bodi ndogo kama Tang Nano 20K, yenye vipengele takriban 20,000. Jambo moja linanisumbua: watu hulitamka neno FPGA kana kwamba ni dhamana. Ramani imeandikwa na binadamu na inaweza kuwa na makosa kama programu yoyote. Emuleta iliyolelewa vizuri kwa miaka mingi huishinda ramani iliyoandikwa kwa haraka.

Emuleta nayo ni programu, hivyo huigiza kazi za chipu zote kwa zamu, kwa kasi inayokufanya usione zamu hizo. Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka mwaka 2021 na yenye viini vinne vya gigahezi 1, inazimudu NES, Game Boy, Mega Drive, Super Nintendo na sehemu kubwa ya gemu za PlayStation. Nintendo 64 ndiyo inayoitoa jasho; hapo utahitaji kitu kikubwa zaidi, kama Raspberry Pi Compute Module 4.

Tatizo la kweli la emuleta ni kuchelewa. Kwa fremu 60 kila sekunde, fremu moja ni milisekunde 16.7, na kati ya kidole chako na kioo kuna foleni za kusoma kitufe, kuchora picha na kuipeleka. Fremu mbili tatu zikipotea njiani, mchezaji wa gemu za mapigano atazihisi hata kama hawezi kueleza kilichobadilika. Programu ya RetroArch ina mbinu ya kukokotoa fremu za mbele ili kuficha ucheleweshaji ulio ndani ya gemu yenyewe, lakini mbinu hiyo hudai nguvu ya ziada ambayo bodi ndogo hainayo kila mara. Kama gemu zako ni za hadithi ndefu na mapambano ya zamu kwa zamu, wala usilale macho kwa ajili ya hili.

Kazi ya mikono

Hapa njia zinatengana kabisa, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kabla ya kununua chochote.

Chukua Wii kama mfano wa kukata bodi. Inapendwa kwa kazi hii kwa sababu huendesha gemu za GameCube bila kuigiza, na kwa kuwa inaweza kufundishwa kusoma gemu kutoka kumbukumbu ya USB, kile kisoma-diski kikubwa kinaondoka. Watu wameikata bodi yake hadi ikakaa kiganjani. Lakini kazi huanza kwenye programu, konsoli ikiwa bado nzima: Wii iliyonyang'anywa moduli zake za Bluetooth na Wi-Fi haiwaki bila kurekebishwa kwanza. Ukikata kabla ya kurekebisha, umejifungia mlango.

Kisha pima. Kwa multimita, pima ukinzani kati ya kila njia ya umeme na ardhi (upande hasi wa umeme), uandike namba kwenye karatasi. Wii ina njia nne za kulishwa: volti 1, 1.15, 1.8 na 3.3. Njia zinazolisha vichakato vikubwa husoma ukinzani mdogo sana hata bodi ikiwa nzima, na asiyejua hilo hudhani ameleta shoti, akaanza kukwangua mahali pasipo na kosa. Namba ulizoandika mwanzoni ndizo shahidi wako.

Baada ya kukata huja msasa. Ndani ya bodi mna tabaka kadhaa za shaba, na diski ya kukatia huburuta shaba laini kutoka tabaka moja hadi jingine. Unapiga msasa ukingo wote, wa kukwaruza kwanza kisha laini, mpaka uone kila mstari wa shaba umekaa peke yake. Unapima tena. Ndipo unapoanza kuvuta waya nyembamba kama unywele kutoka sehemu zilizobaki. Ni kazi ya jioni nyingi, na mkono ukitetemeka unang'oa kituo cha solda ambacho hakina mbadala.

Si kila konsoli inadai hivyo. Nintendo 64 hukatwa kidogo tu. Taabu yake ni kuhamisha tundu la kaseti lenye pini 50. Mega Drive za matoleo ya baadaye zina bodi ndogo zaidi na ni mwalimu mpole. Padi ya NES ni rahisi kuliko zote: ndani mna chipu moja, 4021, inayosoma vitufe vinane na kuvituma mmoja mmoja kwa foleni, kwa hiyo waya chache zinatosha kuvihamisha vitufe popote unapotaka.

Kwenye Raspberry Pi kazi ni ya kuunganisha. Zero 2 W ina urefu wa milimita 65 na upana wa 30. Kila kitufe kinaunganisha pini moja na ardhi, programu inasoma. Haina tundu la sauti, hivyo utaongeza amplifaya ndogo kama MAX98357A na spika. Uzito wa kazi umehamia kwenye mafaili ya mipangilio: kioo kinachobaki cheupe, sauti inayokwaruza, kitufe kinachosomwa mara mbili. Mifumo ya emuleta iliyo tayari, kama RetroPie, Recalbox, Batocera na Lakka, hupunguza sehemu kubwa ya taabu hiyo, lakini haziifuti. Mtu anayechukia kuhariri faili la maandishi saa nne usiku atateseka hapa kama asiyejua kulehemu anavyoteseka kule.

FPGA iko katikati. Hukati kitu, na ramani unazipakua zikiwa tayari. Lugha ya kuandikia ramani, kama Verilog, utaihitaji tu ukitaka kurekebisha ramani mwenyewe. Kinachokupa kazi ni umbo. DE10-Nano ni bodi ya kujifunzia iliyobuniwa kukaa mezani, ina soketi ndefu zilizosimama, na ramani nyingi za MiSTer zinahitaji moduli ya kumbukumbu ya SDRAM ichomekwe juu yake. Ganda litakuwa nene. Asiyetaka unene huo hushuka kwenye bodi ndogo na kukubali konsoli chache.

Umeme na joto

Seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650 yenye mAh 3,000, kwa volti 3.7, hubeba wati-saa 11.1. Ondoa kiasi kinachopotea kwenye kibadilisha volti, ubakiwe na kama 9.5.

Zero 2 W pamoja na kioo kidogo na spika hutumia kama wati 3. Hiyo ni saa tatu na zaidi kwa seli moja, na joto lake linatoka lenyewe bila feni.

Adapta ya DE10-Nano ni ya volti 5 na ampea 2, yaani ukomo wa wati 10. Haifiki hapo muda wote, ila panga seli mbili au zaidi na kipande cha alumini cha kutolea joto.

Bodi halisi ndizo zenye hadithi. Kibandiko cha adapta ya Nintendo 64 kinasema volti 3.3 kwa ampea 2.7, na volti 12 kwa ampea 0.8, ukijumlisha unazidi wati 18. Huo ni uwezo wa adapta, na konsoli hunywa chini yake, lakini unakuonyesha walikuwa wanafikiria nini. Mega Drive inafundisha zaidi. Hupokea volti 9 hivi na kuzishusha hadi 5 kwa regyuleta ya 7805, ambayo kazi yake ni kuigeuza ziada yote kuwa joto. Volti 4 kati ya 9 ni asilimia 44 ya betri yako inayopasha ganda moto. Itoe, weka kibadilisha volti cha kisasa cha ukubwa ule ule, na muda wa kucheza unaongezeka sana bila kuongeza seli hata moja. Sijui kazi nyingine ndogo yenye malipo makubwa namna hiyo.

Ukiprinti ganda kwa 3D, kumbuka kuwa plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Kwa Wii au Nintendo 64 tumia plastiki ya PETG, inayovumilia joto zaidi.

Kioo

Konsoli nyingi za zamani hutoa picha ya analogi, na vioo vidogo vinavyoipokea vingi vilitengenezwa kwa ajili ya kamera za nyuma za magari. Rangi huvuja kidogo kwenye kingo, na baadhi ya vioo hivyo huisoma vibaya picha ya mistari 240, maandishi yakacheza. Ukiweza kuchota ishara ya RGB, ambamo kila rangi ina waya wake, kutoka kwenye bodi, chota. Wii inatoa mistari 480 kamili, hivyo inapata kioo cha 640 kwa 480 bila kubishana.

Kwa Raspberry Pi, usidanganywe na vioo vya SPI, vinavyopokea picha biti moja moja, kwa kuwa waya ni chache. Hesabu ni hii: pikseli 320 kwa 240, kila moja biti 16, mara 60 kwa sekunde, ni karibu megabiti 74 kila sekunde kupitia waya mmoja wa data. Vioo vingi vya aina hiyo havifiki, na picha inachanika gemu ikikimbia. Njia ya DPI hutumia pini nyingi sambamba na inaufuta ugomvi huo, kwa gharama ya kukunyima pini za vitufe. HDMI ni rahisi kuliko zote ila bodi yake ndogo ya kupokea picha hula umeme na nafasi.

FPGA kwa kawaida hutoa HDMI, basi. Kwa njia yoyote, kioo cha 640 kwa 480 ndicho ninachokipendekeza kwa konsoli za mistari 240: kila mstari unarudiwa mara mbili sawasawa, na hakuna pikseli nene karibu na nyembamba.

Kuwasha na kuzima

Bodi halisi inayosoma kaseti huwaka mara unaposukuma swichi na huzimwa vivyo hivyo. MiSTer huchukua sekunde chache. Raspberry Pi huchukua muda zaidi, na ukiikata umeme ghafla wakati inaandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na mfumo wote usiwake tena. Weka kitufe cha kuzima kwa utaratibu, hata kama mchoro unaoufuata haukukiweka. Kwa upande mwingine, emuleta inakuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote ulipofika, wakati kaseti nyingi za zamani hutegemea betri ya kidonge ambayo huenda imekwisha kufa.

Hasara ukikosea

Raspberry Pi iliyoungua inanunuliwa nyingine. DE10-Nano pia, ingawa ni ghali zaidi na itauma. Konsoli iliyokatwa vibaya hairudi, na hazitengenezwi tena. Naomba kwa moyo wote: usikate mashine nzima. Tafuta ile ambayo kisoma-diski chake kimekufa au ganda lake limevunjika, bodi ikiwa hai. Hizo zipo nyingi, na kuzikata ni kuziokoa.

Kuhusu gemu zenyewe: bodi halisi inayosoma kaseti hutumia kaseti zako. Emuleta, FPGA na Wii iliyotolewa kisoma-diski huhitaji nakala, na njia safi ni kunakili gemu unazozimiliki. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo soma ya kwako.

Tahadhari moja haibagui njia. Tumia seli zenye ulinzi, usilehemu moja kwa moja kwenye mwili wa seli, na ukitumia bodi ya kuchaji ya TP4056 usicheze huku unachaji: haitofautishi umeme wa betri na wa kifaa, hivyo haijui ni lini betri imejaa.

Chagua kwa hali yako

Hujawahi kulehemu, na unataka kucheza mwezi huu: chukua Zero 2 W, kioo cha DPI, na ganda lenye mchoro uliokwisha kujaribiwa na wengine. Utajifunza solda kwenye vitufe, mahali ambapo kosa linafutika.

Una rafu ya kaseti na unataka kuzichomeka: bodi halisi, na anza na Mega Drive yenye hitilafu ya nje. Badilisha 7805 kabla ya kitu kingine chochote.

Mkono wako umetulia, unapenda kazi ya wiki nyingi, na gemu zako ni za GameCube: Wii. Fanya mazoezi ya kukata na kupiga msasa kwenye bodi iliyokufa kwanza, hata ya kifaa kingine.

Unacheza gemu za kuruka kwa kipimo au za mapigano, unahisi kila fremu, na hutaki kuharibu konsoli yoyote: FPGA. Kama ni NES tu, bodi ndogo. Kama ni konsoli nyingi, DE10-Nano na ukubali unene.

Unamtengenezea mtoto, au mtu atakayekidondosha: Raspberry Pi, vitufe vya mpira badala ya vile vinavyobofya, na kadi ya pili iliyonakiliwa ikae droo.

Unataka konsoli nyingi tofauti ndani ya kitu kimoja chembamba kinachokaa mfukoni: hapo emuleta haina mshindani kwa sasa.

Na kama bado umegawanyika kati ya Pi na FPGA, jenga ganda ambalo halijali. Weka kioo cha HDMI, na vitufe vyote vipeleke kwenye bodi ndogo ya maikrokontrola inayojitambulisha kama padi ya USB. Pi inaisoma, MiSTer inaisoma. Acha nafasi ya ndani itoshe DE10-Nano na moduli yake, anza na Raspberry Pi ndani, na siku ucheleweshaji ukianza kukukera fungua skrubu nne ubadilishe moyo wake.